Mizinga ya Yeonpyeong: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Ushirikiano wa Ulinzi kati ya Korea Kusini na Marekani

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu shambulio la mizinga lililofanywa na Korea Kaskazini dhidi ya kisiwa cha Yeonpyeong tarehe 23 Novemba 2010, na jinsi Korea Kusini na mshirika wake, Marekani, walivyolishughulikia kwa zaidi ya miaka miwili iliyofuata. Kimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa masuala ya usalama na wasomaji wengine wanaotaka kuelewa jinsi mataifa mawili yenye mkataba wa ulinzi yanavyofanya kazi pamoja pale adui anayewakabili anapokuwa na silaha za nyuklia. Viongozi wametajwa kwa majina kwa sababu maamuzi yao yamo katika kumbukumbu za umma. Askari wa ngazi ya chini, wakazi wa kisiwa na waliouawa hawakutajwa.

Kisa hiki kimechaguliwa badala ya majaribio ya nyuklia yenyewe, ambayo ndiyo hugonga vichwa vya habari, kwa sababu ya udogo wake. Kwa kipimo cha vita, yalikuwa mapigano ya saa moja hivi. Hata hivyo yaliwalazimisha washirika hao kujibu swali ambalo mkataba wao haukuwa umelijibu kwa karibu miaka sitini: nani anaamua kiasi cha kujibu pale adui anaposhambulia kidogo, akijua kwamba hakuna anayetaka vita kubwa?

Usuli

Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja kati ya nchi hizi mbili ulitiwa saini tarehe 1 Oktoba 1953, miezi miwili na kidogo baada ya kusitishwa kwa mapigano ya Vita vya Korea, na ukaanza kutumika Novemba 1954. Ni mkataba mfupi wenye ibara sita tu. Ibara ya tatu inasema kwamba kila upande utachukua hatua dhidi ya hatari ya pamoja kwa kufuata taratibu za katiba yake. Maneno hayo ni ya tahadhari, kwa kuwa hayasemi kwamba risasi ikivuka mpaka basi Marekani imekwisha kuingia vitani. Kilichoupa mkataba uzito ni wanajeshi wa Marekani walioko Korea Kusini, ambao kufikia wakati wa kisa hiki walikuwa takriban 28,500, pamoja na ahadi ya kuilinda nchi hiyo kwa silaha za nyuklia za Marekani, ahadi inayojulikana kama mwavuli wa nyuklia.

Mfumo wa amri ulikuwa na umbo la pekee. Tangu Novemba 1978 kulikuwa na Kamandi ya Pamoja ya Majeshi, inayoongozwa na jenerali wa Marekani akisaidiwa na jenerali wa Korea Kusini, na ndiyo iliyopangiwa kuyaamuru majeshi ya Korea Kusini iwapo vita vingezuka. Desemba 1994 mamlaka ya kuamuru majeshi hayo wakati wa amani yalirudishwa kwa Seoul. Kwa hiyo nchi ilikuwa na amri mbili, moja ya siku za kawaida na nyingine ya siku za vita, na mpaka kati ya hizo mbili ulikuwa tangazo rasmi la kubadilisha hali ya tahadhari. Juu ya hayo ilikuwapo Kamandi ya Umoja wa Mataifa, chini ya jenerali yule yule wa Marekani, yenye wajibu wa kusimamia makubaliano ya kusitisha mapigano ya 1953 na yenye kanuni zake za kujibu mashambulizi, ambazo zilisisitiza kwamba jibu lisizidi kipimo cha uchokozi.

Yeonpyeong ni mojawapo ya visiwa vitano vya Bahari ya Njano ambavyo makubaliano ya 1953 yaliviacha mikononi mwa Kamandi ya Umoja wa Mataifa, ingawa viko karibu zaidi na pwani ya Kaskazini. Kutoka kisiwani hadi bara ya Kaskazini ni kilomita 12 hivi. Makubaliano hayakuchora mpaka wa baharini. Mstari unaotumika ulichorwa baadaye na kamanda wa Umoja wa Mataifa peke yake, na Korea Kaskazini haikuukubali. Wanamaji wa pande mbili walipigana karibu na mstari huo mwaka 1999, 2002 na 2009.

Mwaka 2010 ulikuwa umeanza vibaya. Tarehe 26 Machi manowari ya Korea Kusini iitwayo Cheonan ilizama karibu na kisiwa cha Baengnyeong, na mabaharia 46 kati ya 104 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi uliowashirikisha wataalamu kutoka Marekani, Uingereza, Australia na Sweden ulihitimisha mwezi Mei kwamba meli ilipigwa na topido ya Korea Kaskazini, jambo ambalo Kaskazini ililikana. Serikali ya Rais Lee Myung-bak wa Korea Kusini haikujibu kwa silaha. Ilikata sehemu kubwa ya biashara na Kaskazini, ikazizuia meli zake kupita katika maji ya Kusini, na ikalipeleka suala hilo katika Baraza la Usalama, ambalo mwezi Julai lilitoa tamko la kulaani shambulio bila kumtaja mshambuliaji. Marekani na Korea Kusini zilifanya mazoezi makubwa ya baharini mwezi huo huo, lakini baada ya malalamiko ya China, manowari kubwa ya kubeba ndege, USS George Washington, ilipelekwa upande wa mashariki wa rasi na si katika Bahari ya Njano ambako mabaharia walikuwa wamekufa.

Nyuma ya haya yote kulikuwa na nyuklia. Kaskazini ilikuwa imefanya majaribio mawili, Oktoba 2006 na Mei 2009. Siku kumi na moja kabla ya shambulio la Yeonpyeong, iliwaonyesha wanasayansi wa Marekani waliozuru kituo chake cha nyuklia cha Yongbyon, akiwamo Siegfried Hecker, kiwanda kipya cha kurutubisha urani ambacho wenyeji walisema kina mashinepewa elfu mbili, yaani mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa ili kurutubisha urani. Sioni sababu ya kuamini kwamba matukio hayo mawili yalifuatana kwa bahati tu, ingawa hakuna ushahidi wa wazi unaoyaunganisha.

Mfuatano wa matukio

Asubuhi ya tarehe 23 Novemba kikosi cha wanajeshi wa majini kilichoko Yeonpyeong kilikuwa na zoezi la kawaida la kufyatua risasi za moto. Kaskazini ilikuwa imetuma onyo ikitaka zoezi lisitishwe. Seoul iliendelea, kwa hoja kwamba mizinga ilielekezwa kusini magharibi, mbali na Kaskazini, na kwamba makombora yangeangukia maji ya Kusini.

Saa nane na dakika thelathini na nne mchana, mizinga na roketi za Kaskazini zilianza kupiga kisiwa. Wimbi la kwanza lilikuwa na makombora 150 hivi, na la pili, lililoanza saa tisa na dakika kumi na mbili, lilikuwa na makombora 20 hivi. Takriban 80 yalianguka kisiwani na mengine baharini. Yalipiga kambi ya jeshi na pia makazi ya watu, na nyumba zikashika moto. Wanajeshi wawili na mafundi wawili wa ujenzi waliokuwa wakifanya kazi kambini waliuawa, na wengine zaidi ya kumi walijeruhiwa.

Inafaa kutazama kwa karibu kilichotokea katika kambi yenyewe. Kisiwa kilikuwa na mizinga sita ya kisasa aina ya K9. Midomo ya ile iliyokuwa zoezini ilikuwa bado imeelekezwa kusini magharibi, kwa hiyo ilibidi igeuzwe huku makombora yakiendelea kuanguka. Mzinga mmoja ulikuwa umekwama na kombora ndani tangu wakati wa zoezi, na mingine iliharibiwa katika wimbi la kwanza. Rada ya kutambua mahali makombora yanapotoka haikulinasa wimbi hilo. Askari mmoja aliendelea kuhudumia mzinga wake huku kitambaa cha kofia yake ya chuma kikiwaka moto. Jibu la kwanza lilitoka dakika kumi na tatu baada ya kombora la kwanza la adui, na kwa kuwa rada haikuwa na majibu, lilielekezwa katika kisiwa kidogo cha Mudo, shabaha iliyojulikana tangu zamani, ilhali sehemu kubwa ya mashambulizi ilitoka Kaemori, kituo cha mizinga kwenye pwani ya Kaskazini. Kaemori ilipigwa katika duru ya pili tu. Kwa jumla Kusini ilifyatua makombora 80, chini ya nusu ya yale yaliyofyatuliwa na adui.

Ndege za kivita za F-15K na KF-16 zilirushwa zikazunguka angani, lakini hazikuamriwa kupiga.

Kule Seoul, Ikulu ilitoa kwanza taarifa iliyomnukuu Rais akitaka hali isimamiwe kwa uangalifu ili isipanuke, kisha ikaikana taarifa hiyo jioni. Usiku huo Rais Lee alifika makao makuu ya majeshi na kuagiza kwamba, dalili za uchokozi mwingine zikionekana, kituo cha makombora kilicho karibu na mizinga ya pwani kipigwe. Wananchi walisikia kauli mbili zisizopatana ndani ya saa chache, na hasira yao iliielekea serikali yao wenyewe karibu sawa na ilivyomwelekea adui. Siku mbili baadaye Waziri wa Ulinzi, Kim Tae-young, aliacha kazi.

Wakazi wengi walikihama kisiwa kwa boti za uvuvi na vivuko, wakafikia katika mji wa Incheon, na mamia yao walilala kwa wiki kadhaa katika jengo moja la kuogea na kupumzikia, kwa sababu hakukuwa na mahali palipoandaliwa kwa ajili ya raia wanaokimbia kisiwa. Mahandaki ya kujificha yaliyokuwako Yeonpyeong yalikuwa ya miaka ya 1970.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza mzito ulikuwa wa kutopiga kwa ndege, na ulifanywa wakati mbaya kuliko wote, yaani huku makombora yakianguka na maofisa wakiwa hawaelewani juu ya kanuni gani inatumika. Upande mmoja ulisema kwamba kanuni za Kamandi ya Umoja wa Mataifa zinataka silaha ya aina ile ile na kiasi kile kile, na kwamba ndege zingehitaji mashauriano na Wamarekani. Upande mwingine ulisema kwamba nchi inayopigwa ina haki ya kujilinda bila kumwomba mtu ruhusa. Mrithi wa waziri aliyejiuzulu, Kim Kwan-jin, alipohojiwa bungeni mwanzoni mwa Desemba alichukua msimamo wa pili na kusema wazi kwamba safari nyingine ndege zingepiga. Baadaye aliwaagiza makamanda wa mstari wa mbele wajibu kwanza na kutoa taarifa baadaye.

Uamuzi wa pili ulifanyika kwa simu, mbali na macho ya umma. Robert Gates, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati huo, alieleza miaka baadaye kwamba mipango ya awali ya Seoul ya kulipiza kisasi, iliyohusisha ndege pamoja na mizinga, ilionekana Washington kuwa imezidi kipimo, na kwamba yeye, Rais Obama, Waziri wa Mambo ya Nje Hillary Clinton na Mkuu wa Majeshi, Admirali Mike Mullen, walizungumza mara nyingi na wenzao wa Korea Kusini kwa siku kadhaa ili kuituliza hali. Hofu yao haikuwa ya Yeonpyeong. Seoul, jiji la watu wapatao milioni kumi, liko takriban kilomita 50 tu kutoka mpakani, ndani ya uwezo wa mizinga ya Kaskazini, na ngazi za juu za vita yoyote ambayo ingeanzia hapo sasa zilikuwa na silaha ya nyuklia.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kurekebisha kile kilichofanyika Julai. Tarehe 28 Novemba USS George Washington iliingia Bahari ya Njano kwa mazoezi ya siku nne na wanamaji wa Korea Kusini. Beijing ilitoa wito wa mashauriano ya dharura ya mataifa sita (Korea mbili, Marekani, China, Japani na Urusi), lakini meli haikugeuzwa. Nadhani hapa Washington ilisoma hesabu vizuri: kama mshirika anaombwa asipige, lazima aonyeshwe kitu kingine kinachoonekana kwa macho.

Uamuzi wa nne, na ndio uliobishaniwa kuliko yote, ulikuwa wa Korea Kusini kurudia zoezi lile lile, kutoka kisiwa kile kile na kuelekea maji yale yale. Kaskazini ilionya kwamba safari hii ingejibu kwa nguvu zaidi. Urusi iliitisha kikao cha dharura cha Baraza la Usalama, ambacho kilimalizika bila makubaliano. Tarehe 20 Desemba, baada ya ukungu kuchelewesha shughuli, mizinga ya Yeonpyeong ilifyatuliwa kwa saa moja na nusu hivi, huku ndege za F-15K zikiwa angani. Wanajeshi wa Marekani wapatao ishirini walikuwa kisiwani kusaidia mawasiliano na huduma za tiba, na wawakilishi wa Kamandi ya Umoja wa Mataifa walikuwapo kushuhudia. Kijeshi watu hao ishirini hawakuongeza chochote. Kisiasa walikuwa na maana kubwa, kwa sababu kombora lolote ambalo lingeanguka Yeonpyeong siku hiyo lingeweza kumuua Mmarekani.

Kaskazini haikufyatua hata kombora moja, na ilitangaza kwamba haikuona haja ya kujibu.

Uamuzi wa tano ndio kiini cha kisa hiki. Tarehe 8 Desemba Admirali Mullen alikutana Seoul na mwenzake, Jenerali Han Min-koo, na wakakubaliana kwamba majeshi yao yaandae mpango wa pamoja wa kujibu mashambulizi madogo. Hadi hapo mipango ya pamoja ilihusu vita kamili. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka miwili, muda ambao ni ushahidi tosha wa ugumu wake. Mpango ulitiwa saini tarehe 22 Machi 2013 na Jenerali James Thurman wa Marekani na Jenerali Jung Seung-jo wa Korea Kusini, wiki chache baada ya jaribio la tatu la nyuklia la Kaskazini na siku chache baada ya Kaskazini kutangaza kwamba haiyatambui tena makubaliano ya kusitisha mapigano. Maelezo yake ni siri. Yaliyotangazwa ni kwamba Korea Kusini inaongoza, Marekani inaunga mkono, na kuna taratibu za mashauriano kabla na wakati wa kujibu.

Matokeo

Ndani ya Korea Kusini mambo yalibadilika haraka. Juni 2011 iliundwa kamandi maalumu ya kulinda visiwa vya kaskazini magharibi, mizinga na rada zikaongezwa, na mahandaki mapya yakajengwa kwa ajili ya raia. Mwaka 2012 Marekani ilikubali Korea Kusini iwe na makombora ya masafa ya kilomita 800, kutoka kikomo cha kilomita 300 kilichokuwapo tangu 2001. Uhamishaji wa mamlaka ya kuamuru majeshi wakati wa vita, ambao Juni 2010, baada ya Cheonan, ulikuwa umesogezwa kutoka 2012 hadi mwisho wa 2015, uliahirishwa tena mwaka 2014, safari hii bila tarehe bali kwa masharti.

Mtihani wa kweli wa mpango ulikuja Agosti 2015. Tarehe 4 mwezi huo mabomu ya ardhini yaliwakata miguu askari wawili wa Korea Kusini waliokuwa doria katika ukanda usio na majeshi. Seoul ilijibu kwa kuwasha tena vipaza sauti vya propaganda vilivyokuwa kimya kwa miaka 11. Tarehe 20 Kaskazini ilifyatua makombora machache kuvuka mpaka, na Kusini ikajibu kwa makombora 29 ya milimita 155, lakini baada ya zaidi ya saa moja, na iliyaelekeza mahali pasipo na watu. Marekani ilisimamisha kwa muda mfupi zoezi la pamoja lililokuwa likiendelea, kisha ikaliendeleza, na ndege za nchi hizo mbili zikaruka pamoja. Baada ya mazungumzo ya zaidi ya saa arobaini huko Panmunjom, kijiji cha mpakani, Kaskazini ilieleza kusikitishwa na majeraha ya askari wale, vipaza sauti vikazimwa, na majeshi yakashushwa kutoka hali ya tahadhari.

Uchambuzi: pengo kati ya amri mbili

Maelezo ya kawaida ya kushindwa kwa tarehe 23 Novemba hutaja rada mbovu, mzinga uliokwama na waziri mzembe. Yote ni kweli, na hayatoshi. Mizinga ingekuwa mizima na rada ikawa kali, bado ndege zingezunguka angani bila amri, kwa sababu tatizo lilikuwa katika umbo la muungano wenyewe. Wakati wa amani Seoul ndiyo inayoamuru, na wakati wa vita ni jenerali wa Marekani. Shambulio la Yeonpyeong lilikuwa kubwa mno kuitwa tukio la amani na dogo mno kuitwa vita, na kwa hiyo lilitua katikati, mahali ambapo kila upande ungeweza kudhani kwamba neno la mwisho ni la mwenzake. Sidhani kwamba Pyongyang ilipachagua mahali hapo kwa kubahatisha. Mshambuliaji mwenye silaha ya nyuklia ana sababu nzuri ya kupenda mashambulizi madogo, kwa kuwa hofu ya ngazi za juu huwazuia wapinzani wake kupanda ngazi za chini. Mwavuli wa nyuklia wa Marekani uliweza kuzuia bomu, lakini haukuundwa kuzuia kombora la milimita 122.

Historia ya muungano inaonyesha kwamba pengo hilo halikuwa jipya. Januari 1968, makomando 31 wa Kaskazini walipofika karibu na Ikulu ya Seoul kwa lengo la kumuua Rais Park Chung-hee, Park alitaka kulipiza kisasi, na Washington ikamtuma mjumbe wake, Cyrus Vance, kwenda kumzuia. Oktoba 1983, baada ya bomu la Kaskazini huko Rangoon, Burma, kuwaua mawaziri kadhaa wa Korea Kusini, Seoul ilizuiwa tena. Kila mara Marekani ilitumia simu na wajumbe, na kila mara Seoul ilimeza hasira yake. Tofauti ya 2010 ni kwamba Korea Kusini ilikuwa sasa nchi ya kidemokrasia, yenye bunge linalohoji na wapiga kura wanaoona nyumba zikiungua moja kwa moja kwenye televisheni, na wengi wao wakisema dawa ya moto ni moto. Kuwazuia kwa simu kulikuwa na gharama ya kisiasa ambayo haikuwako enzi za Park.

Uchambuzi: mpango wenye kazi mbili

Kwa mtazamo huo, mpango wa 2013 una kazi mbili zinazovutana. Kwa Korea Kusini ni hakikisho kwamba ikishambuliwa haitajibu peke yake, na kwamba majadiliano juu ya kipimo yamekwisha kufanyika kabla ya kombora la kwanza. Kwa Marekani ni njia ya kuwa na sauti mapema, ndani ya mpango, badala ya kuitafuta sauti hiyo usiku wa manane kwa simu. Wapo wachambuzi waliouona kama kamba ya kumfunga Mkorea mikono, na wapo waliouona kama kamba ya kumvuta Mmarekani vitani. Ukweli kwamba pande zote mbili zililalamikiwa unaniambia kwamba uliandikwa kwa uaminifu.

Je, ulifanya kazi? Matukio ya 2015 yanaunga mkono jibu la ndiyo, lenye kasoro. Jibu la makombora 29 lilikuwa kubwa kuliko uchokozi wenyewe, likaonekana, na halikuua mtu. Hakuna aliyetoa kauli na kuikana jioni. Washirika walisema lugha moja. Lakini kuchelewa kwa zaidi ya saa moja kunaonyesha kwamba agizo la kujibu kwanza na kutoa taarifa baadaye halikushinda desturi ya kusubiri uhakika. Binafsi naona ucheleweshaji huo ulikuwa na faida, kwa maana askari aliyesubiri kujua ni nini hasa kimefyatuliwa ndiye aliyepunguza hatari ya kukosea shabaha. Tatizo ni kwamba wanasiasa waliahidi wepesi, na adui alipata nafasi ya kupima umbali kati ya ahadi na tendo.

Zoezi la tarehe 20 Desemba 2010 ni gumu zaidi kulihukumu. Husomwa mara nyingi kama ushindi, kwa hoja kwamba Kusini ilisimama imara na Kaskazini ikarudi nyuma. Lakini siku hiyo hiyo Gavana Bill Richardson wa New Mexico alikuwa Pyongyang kwa mazungumzo, China ilikuwa ikishinikiza kila upande, na Kaskazini ilikuwa tayari imepata ilichokitaka Novemba, yaani kuonyesha kwamba inaweza kupiga raia na isilipe kwa kipimo kikubwa. Ukimya wa adui unaweza kuwa na sababu nyingi, na ni hatari kujenga kanuni ya kijeshi juu ya sababu moja inayotupendeza. Kilicho hakika ni kwamba wale Wamarekani ishirini waliifanya hesabu ya Pyongyang kuwa ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa mwezi mmoja kabla, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya manowari kubwa ya kubeba ndege.

Kushindwa kukubwa zaidi, kwa maoni yangu, kulikuwa kwa Julai, na hakutajwi sana. Kuihamisha meli kutoka Bahari ya Njano baada ya Cheonan kulikusudiwa kuipa China heshima, lakini kuliifundisha Pyongyang kwamba eneo lile lile ambako iliua mabaharia 46 ndilo ambako washirika wanasitasita kuingia. Miezi minne baadaye ilipiga humo humo.

Kilichobaki wazi

Wakati Kim Kwan-jin alipokuwa waziri, jeshi la Korea Kusini lilianza kusema hadharani kwamba uchokozi mwingine ungejibiwa kwa kupiga chanzo chake, vikosi vinavyokisaidia, na hata kamandi iliyotoa amri. Mwaka 2013 kauli hiyo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa ilimweleza jenerali wa Kaskazini kwamba hatakuwa salama ofisini kwake huku akiwatuma wengine kufyatua. Septemba 2022 Bunge la Korea Kaskazini lilipitisha sheria inayosema kwamba, uongozi wake na mfumo wa amri ya nyuklia ukiwa hatarini kwa shambulio, silaha za nyuklia zitatumika papo hapo na bila kusubiri. Sheria hiyo inagusa moja kwa moja ngazi ya tatu ya jibu lile.

Washirika walijibu kwa Tamko la Washington la Aprili 2023 na kuunda Kundi la Mashauriano ya Nyuklia, ambalo lilikutana kwa mara ya kwanza Seoul Julai mwaka huo, ili Korea Kusini iwe na nafasi katika kupanga matumizi ya silaha ambazo uamuzi wa mwisho juu yake ni wa Rais wa Marekani. Kwa hiyo sasa kuna meza moja ya mizinga, ambako Seoul inaongoza na Washington inaunga mkono, na meza nyingine ya nyuklia, ambako mambo ni kinyume chake. Januari 2024 Kaskazini ilifyatua makombora zaidi ya 200 katika maji ya karibu na Yeonpyeong na Baengnyeong, wakazi wakaingia mahandakini, na Kusini ikajibu kwa kufyatua baharini. Siku hiyo hakuna kombora lililogusa nchi kavu. Kama lingegusa, na kama jibu lingepanda hadi ngazi ya kamandi, suala hilo lingehama kutoka meza ya kwanza kwenda ya pili ndani ya dakika chache, na makubaliano yaliyowekwa hadharani hayasemi ni nani anayelibeba kutoka meza moja hadi nyingine.